Sauti ya Jini kwenye Aladdin ya pili

Ukitazama filamu ya pili ya Aladdin ya Disney, huenda ukajiuliza kama Jini bado ana sauti ya Robin Williams, mwigizaji aliyemtilia sauti kwenye ya kwanza. Hapana, huyo si Robin Williams. Jini wa The Return of Jafar (1994) ni Dan Castellaneta, yule yule anayemtilia sauti Homer Simpson, baba wa katuni ya The Simpsons. Majina yote yamo mwishoni mwa filamu, ukiwa na subira ya kuyasubiri.

Williams alikuwa amekosana na Disney baada ya filamu ya kwanza ya 1992. Alikubali malipo madogo kwa makubaliano kwamba sauti yake isitumike kuuza vitu, kisha akaona makubaliano hayo yamevunjwa. Alirudi kwenye ya tatu, Aladdin and the King of Thieves (1996), baada ya kampuni kumwomba radhi.

Na kama umehisi hata michoro imepoa kidogo, macho yako hayajakudanganya. Hii ya pili haikupita sinema, ilikwenda moja kwa moja kwenye kanda za video, na ilitengenezwa na kitengo cha katuni za televisheni kwa bajeti ndogo. Kwa kweli ilikuwa mlango wa kuingilia mfululizo wa TV ulioanza mwaka huo huo, ambao Castellaneta aliendelea nao. Jafar na yule kasuku Iago hawakubadilishwa: Jonathan Freeman na Gilbert Gottfried, kama mwanzo. Kwangu mimi Gottfried ndiye anayeibeba filamu nzima.

Haya yote ni kwa toleo la Kiingereza. Ukiwa umetazama iliyotafsiriwa, hizo ni sauti nyingine kabisa.