Stata inalia ka-ka-ka kwenye baridi

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Minneapolis, Marekani. Asubuhi ikiwa nyuzi 25 chini ya sifuri, Corolla yangu inalia ka-ka-ka-ka, haiwaki. Baridi ikipungua, inawaka. Nimeambiwa ninunue stata mpya, ile mota ya kuzungusha injini iwake. Ninunue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo pesa iweke kwanza. Ka-ka-ka ya mfululizo mara nyingi ni stata iliyonyimwa umeme, stata mbovu kwa kawaida hulia "ka!" moja, kisha kimya. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri hubaki na karibu nusu ya nguvu zake, na oili nayo imekuwa nzito kama asali.

Washa taa kubwa, piga stata. Zikififia kabisa, umeme hautoshi, fungua boneti. Ule unga wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya betri usugue kwa brashi na maji ya magadi, kausha, kaza. Fuata na waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi. Niliwahi kumshushia mteja stata nzima, kumbe nati ya pale ilikuwa inacheza, iliniuma sana.

Kisha chaji betri, upime: ikishuka chini ya volti 9.6 stata ikizungusha, badilisha betri. Na usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, utaiunguza kweli.