Tundu la Tatu: kwa mnaoanza kuandika hadithi za kutisha za watoto

Wiki iliyopita nimesoma miswada sita ya wadogo zangu mnaotaka kuwatisha watoto wa watu. Mitatu inaanza usiku wa manane, radi zinapiga, mbwa wanabweka. Miwili inaishia "kumbe ilikuwa ndoto". Wa sita umemweka shetani ndani ya choo cha shule. Huo niliuweka chini, nikaenda kubandika chai, nikarudi kuutazama kwa mbali kama ninavyomtazama nyoka aliyewahi kuniuma. Basi nasema, na nasema kwa namba, ili kesho msinisingizie kuwa nilinyamaza.

1. Ndoto, acheni. Mtoto umemkimbiza kurasa arobaini, roho i mkononi, halafu unamwambia hapakuwa na kitu? Mtoto hasahau deni.

2. Zimwi likichelewa kuonekana ndiyo vizuri. Na mchoraji mwambieni mapema, maana wangu aliwahi kulichora jaladani lote, kuanzia pembe mpaka mkia.

3. Majumba ya mawe yenye theluji dirishani waachieni wenyewe. Mtoto wa Temeke ana bati linaloalika usiku likipoa, ana mbuyu ambao bibi yake hataki atupie jiwe. Mtoto wa Mombasa amekwisha kusikia habari za mrembo wa barabarani ambaye ukimtazama miguuni unaona kwato. Mtaji mnao, mnakwenda kukopa wapi?

4. Choo.

Nilikuwa na hadithi yangu ya kwanza ya maana, bado muswada, nikaomba kuisoma kwenye shule moja ya msingi. Darasa la tatu, watoto wanaokaribia mia, wanne wanne kwenye dawati la wawili. Nilikuwa nimekwisha kuizungukia shule ile nikaona vyoo vya wasichana: matundu sita, milango ya bati, wa tatu umelegea bawaba. Nikajiona fundi. Papo hapo, mbele ya watoto, nikabadilisha: yule mzuka niliyekuwa nimemweka kisimani nikamhamishia tundu la tatu. Anakaa mle, nikasema, anasubiri anayekuja peke yake, na mlango ukilia ujue anavuta pumzi.

Jamani, walipiga kelele! Walifumba macho, wakafumbua, wakasema "endelea, endelea". Mwalimu wao alicheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Nilirudi kwenye daladala nimesimama mlangoni kama konda, nimeridhika na dunia.

Siku ya nne mwalimu mkuu akanipigia. Hakunisalimia. Alisema, "Mwandishi, njoo uwachukue wasomaji wako."

Hakuna mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa anakwenda chooni. Kwanza walilikwepa tundu la tatu tu, foleni ikawa kwenye matano. Kisha mtu akasema mzuka anahama. Wakaanza kwenda nyuma ya jiko, kwenye mahindi ya shule. Wavulana wa darasa la saba, ambao hata hawakunisikia, wakawa wanajificha nyuma ya ukuta na kutikisa bati. Na kulikuwa na binti mmoja mdogo, mtaratibu, aliyejibana tangu asubuhi hadi kipindi cha mwisho, akashindwa, darasani, mbele ya wote. Hakuja shule siku mbili. Mama yake alikuwepo nilipofika, amekaa kwenye benchi la ofisini, sketi ya mtoto ameikunja kwenye mfuko wa plastiki. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilianza kueleza, sijui nini, fasihi, mawazo ya mtoto. Bibi mmoja wa kamati ya shule akanikatiza: "Mwanangu, uliyemweka ni wewe. Kamtoe."

Nikakaa na watoto asubuhi nzima kutafuta namna ya kumtoa. Wao ndio waliotunga wimbo, mistari miwili, wa kumwambia mzuka arudi kisimani kwake kwa sababu mwalimu wa zamu anakuja. Kisha nikaingia tundu la tatu mwenyewe, wao nje wanaimba, mimi ndani naitikia. Nilitoka kiatu kimoja kimelowa. Walicheka mno, na baadhi yao wakaingia. Baadhi. Mwaka uliofuata mwalimu wao aliniambia wapo waliokuwa bado wanakwenda wawili wawili, mmoja anaimba.

Kwa hiyo mzuka wekeni kisimani, mbuyuni, kwenye jumba bovu ambalo mtoto anakatazwa kwenda. Mahali ambapo kesho saa nne lazima aende peke yake, msiweke. Choo mnaweza kukiandika. Msikisome kama ndicho kile pale.

5. Mpeni mtoto sauti ya kushika. Ile ngano ya msichana aliyesahau kombe lake pwani, zimwi likamtia ngomani, likawa linatembea naye kijiji hadi kijiji likipata chakula kwa wimbo wake, nimeisikia mara nyingi na kila mara nywele husimama. Lakini angalieni ilivyofumwa: amefungwa, ndiyo, ila anaimba muda wote. Hakuna dakika ambayo msikilizaji hajui kama yu hai. Na wimbo uleule ndio unaomfanya mama aitambue sauti. Watu walikuwa wanajua kazi hii kabla hatujapata kalamu.

6. Mabwenini, someni mchana, na mmalize kabla ya kengele ya chakula. Kumbukeni shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, kule Bukoba, mwaka 1962: wasichana watatu walianza kucheka mwishoni mwa Januari, kufikia katikati ya Machi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, shule ikafungwa. Kile kilikuwa kicheko tu. Mayowe ya bweni moja mimi nimeyasikia mara moja, sitaki tena.

7. Chekesheni. R. L. Stine wa Marekani, kabla ya kutisha watoto wa nusu ya dunia, aliandika vichekesho kwa jina la Jovial Bob Stine, na ukimsoma unaona anajua pa kulegeza kamba. Mimi nililegeza kwa kiatu kilicholowa, bila kukusudia.

8. Mrabaha usomeni kwenye mkataba, siyo mdomoni mwa mchapishaji.

Sasa wewe wa muswada wa sita, unajijua. Umeandika vizuri, ukurasa wa tisa ulinifanya niwashe taa. Mtoe huyo shetani chooni, mtafutie kisima, uniletee Ijumaa. Na ukifika usiniambie aliyekuwa chooni alikuwa anaota.