Kabla ya kuchagua simu au ana kwa ana, jiulize nani atakosekana

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kukusanya taarifa za wanawake wanachama wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa vya wanajamii, katika wilaya moja ya mkoa wa Morogoro. Swali kubwa la utafiti lilikuwa kama wanachama hao hukopa kwingine, hasa ile mikopo ya riba kubwa ambayo mitaani huitwa kausha damu, ili wapate cha kurejesha kwenye kikundi. Fedha zilikuwa chache na masika yalikuwa yamekaribia, kwa hiyo nilichagua mahojiano kwa njia ya simu bila kufikiri sana. Vikundi vyenyewe vilitupatia orodha ya namba, na gharama ya vocha ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha na mafuta ya gari na posho za kulala nje.

Siku ya pili tu wadadisi, yaani wale waliokuwa wakipiga simu na kuuliza maswali, walianza kuniambia kwamba simu nyingi zinapokelewa na wanaume. Wanachama wengi hawakuwa na simu zao, hivyo walikuwa wameandikisha namba za waume au za watoto wao wakubwa. Na hata mwenye simu yake mara nyingi alizungumza akiwa ameweka spika, huku watu wa nyumbani wakisikiliza. Ni nani atakayekiri deni la siri katika hali hiyo? Majibu yetu yalionyesha kwamba karibu hakuna aliyekopa nje ya kikundi, na makatibu wa vikundi walipoelezwa hayo waliishia kucheka. Tulirudi vijijini baada ya mvua, tukaanza upya, na vocha nilizodhani zimeniokolea fedha zikawa hasara juu ya hasara.

Tangu hapo siangalii bei kwanza. Ninaandika ni watu gani ninaotaka kuwasikia, kisha kwa kila njia ninaandika nani ataachwa nje. Kiungo cha dodoso kinachosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwa mfano, hukuletea wenye simu janja, wenye bando na wenye muda. Kinawafaa wahitimu wa chuo au watumishi wa taasisi ambayo orodha yake unayo, lakini kwa utafiti wa kaya sikipendekezi kabisa. Simu ya kawaida inafika mbali zaidi, ila humwacha asiye na simu, asiye na umeme wa kuichaji na anayeishi mahali ambapo mtandao hupatikana juu ya kilima. Mradi wa Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza, unaowahoji wananchi kwa simu, ulilijua tatizo hili mapema. Kabla ya kuanza kupiga simu mwaka 2013, watafiti walizitembelea kwanza kaya zipatazo 2,000 za Tanzania Bara zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wakazipa simu na chaja za umeme wa jua. Yaani utafiti wa simu unaoaminika ulianzia mlangoni kwa mtu, na gharama hiyo ndiyo wengi wetu hujifanya hatuioni.

Baada ya watu, yatazame maswali yenyewe. Swali lenye majibu saba ya kuchagua linasomeka vizuri kwenye karatasi, lakini likisomwa kwa simu mhojiwa hukumbuka la mwisho na kulichagua hilo. Kwa hiyo nikitumia simu ninapunguza majibu yawe matatu au manne, dodoso zima lisizidi dakika ishirini, na maswali nyeti ninayatunga yajibike kwa "ndiyo," "hapana" au namba, ili aliyekaa karibu na mhojiwa asitambue kinachozungumzwa. Ujanja huo mdogo ungetufaa sana Morogoro.

Msidhani, hata hivyo, kwamba kukutana ana kwa ana kunaleta faragha yenyewe. Mwenyekiti wa kitongoji anayekupeleka kwenye nyumba hukaa mkekani kusikiliza, mama mkwe huja na mchele wake kuchambua, na jirani husaidia kujibu. Mwombeni mwenyekiti awaonyeshe nyumba kisha mumshukuru na kuagana naye, na mdadisi awe na ujasiri wa kuomba wahamie chini ya mwembe. Pale ambapo swali ni zito sana, kama la ukatili wa nyumbani, mhojiwa anaweza kupewa kishikwambi (tableti) na visikilizi, akasikia swali kwa sauti na kugusa jibu mwenyewe bila hata mdadisi kulijua.

Kuhusu karatasi na kishikwambi sina maneno mengi. Sensa ya mwaka 2022 ilifanyika kwa vishikwambi nchi nzima, na programu kama KoboToolbox zinafanya kazi bila intaneti, huruka maswali yasiyomhusu mhojiwa na kukataa umri wa miaka 240. Nilikwisha kukesha nikiingiza madodoso ya karatasi kwenye kompyuta na sitamani kurudi huko. Beba tu benki ya umeme ya akiba, na madodoso machache ya karatasi kwa siku ambayo kifaa kitadondoka mtoni.

Ukilazimika kuchanganya njia, yaani wengine wapigiwe na wengine watembelewe, iwekee njia iliyotumika safu yake kwenye data, kwa sababu mtu yuleyule anaweza kulijibu swali la mapato kwa namna mbili tofauti, na bila safu hiyo hutajua kama tofauti unayoiona ni ya watu au ni ya njia.

Nami sasa, kabla bajeti haijasainiwa, ninaomba watu kumi wa kujaribia. Siwachagui karibu na ofisi, na ninawahoji saa ileile ambayo kazi yenyewe itafanyika. Mara ya mwisho tulipanga kuwapigia wauza samaki saa mbili asubuhi. Tisa kati ya kumi hawakupokea, kwa kuwa walikuwa sokoni mnadani, na mmoja aliyepokea alituomba tumpigie akishauza.