Usipande nyasi mpaka ardhi iote magugu mara mbili

Kiwanja chetu kiko nje kidogo ya mji wa Jinja, Uganda, upande wa Mafubira. Ni futi 50 kwa 100, na kabla hatujakinunua kilikaa miaka mingi bila kuguswa na jembe. Tulipomaliza kujenga, nyumba ilikuwa imesimama katikati ya pori. Mabingobingo yamepita kimo cha mlango, lusenke, ile nyasi ndefu ya kuezekea, imeshika upande wote wa barabara, na kwingine vichaka vya lantana, magugu ya sere na lumbugu, nyasi inayotambaa, vimesongamana hata udongo huuoni.

Nilikuwa na haraka. Idi ilikuwa inakaribia na nilitaka wageni wakute nyasi. Nikakodi trekta, ikalima asubuhi moja tu, na kufika saa sita mchana kiwanja kilikuwa chekundu na laini. Wapita njia wakanipongeza. Wiki iliyofuata tukapanda paspalamu, nyasi ya bustani. Mvua ikanyesha, kiwanja kikaanza kuwa kijani, nami nikafurahi mpaka siku nilipochuchumaa kukitazama kwa karibu. Nusu ya ule ukijani ilikuwa lumbugu. Baada ya miezi minne ilikuwa imejisuka ndani ya paspalamu kiasi kwamba ukivuta moja unang'oa zote mbili. Nikang'oa zote. Pesa ya trekta, ya nyasi na ya vibarua, yote iliishia kwenye lundo nyuma ya choo.

Aliyenifumbua macho ni Hajati, jirani yangu, mama mtu mzima aliyekulia Walukuba na ambaye shamba lake dogo la maharage limepakana nasi. Aliniita kutoka kwenye ua.

"Mwanangu, ile trekta haikukulimia. Ilikupandia lumbugu."

"Kivipi, Hajati?"

Akainama, akachomoa mzizi mmoja mweupe, akaukata kwa kucha vipande vitatu. "Huyu mmoja, huyu wa pili, huyu wa tatu. Kila kifundo kina mtoto wake."

Kumbe ile tunayoiita mizizi ya lumbugu ni mashina yanayotambaa chini ya udongo, na kila kifundo kinaweza kuchipua mmea mpya. Plau ya trekta inayakata na kuyasambaza kiwanja kizima. Lusenke nayo ina tabia hiyo hiyo, na zaidi ya hapo haiogopi moto. Ukiichoma, majani yanaungua lakini mashina ya chini yanabaki salama, na baada ya muda mfupi inachipua na kutoa maua yale meupe ambayo upepo unayabeba pamoja na mbegu. Ndiyo maana nawasihi watu wasichome kiwanja. Moto unaonyesha kazi kama imekwisha wakati haijaanza.

Kwa hiyo kabla hujalipa mtu yeyote, tembea kiwanja chako pole pole na uchimbue kila aina ya gugu uone limesimamia nini. Sere ni rahisi: haina hila chini ya udongo, inaishi kwa mbegu zake zinazoganda kwenye nguo. Ing'oe kabla haijatoa maua. Lantana na vichaka vingine vyenye mti vinataka kung'olewa na kisiki, maana ukikata juu vinachipua tena. Kajampuni, ile yenye majani matatu na ladha ya uchachu ambayo watoto wanapenda kuitafuna, ina vitunguu vidogo vidogo ardhini. Ukimvuta mama, watoto wanabaki. Itoe na bonge lake zima la udongo, uiweke kwenye ndoo.

Ndago ndiyo inayoniumiza kichwa mpaka leo. Ina vinundu vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba, na ukivuta juu uzi unakatika, kinundu kinabaki chini na kuota upya. Nilijaribu kuifunika kwa kavera nyeusi, yaani plastiki nyembamba. Ikatoboa kavera na kutokeza. Kilichonisaidia ni kuchimba kwa kina kile kipande chote, kisha kukata kila chipukizi mara tu linapoonekana, wiki baada ya wiki, ili kinundu kichoke kulisha majani yasiyodumu. Kama kiwanja chako kina ndago nyingi, usipange tarehe ya kupanda nyasi. Ndago ndiyo itakayopanga.

Mara ya pili nilianza Novemba, mvua zikiwa bado zipo. Jinja tuna mvua za Machi mpaka Mei na za Septemba mpaka Novemba, na hilo ndilo jambo ambalo mara ya kwanza sikulitumia. Kazi ya kung'oa inataka jua. Kazi ya kupanda inataka mvua. Ukizichanganya, kila kipande cha lumbugu unachokiacha juu ya udongo kinashika tena.

Kufyeka kwanza. Jirani mwingine anafuga ng'ombe wa kufungiwa bandani, akaja na vijana wake wakakata mabingobingo yote bure, wakabeba. Uliza majirani kabla hujalipa mtu. Lusenke ndefu pia ina wateja, kuna watu bado wanaezekea vibanda. Vibarua niliwaambia wavae buti, na kabla ya kuingiza panga mahali penye giza wapige piga kwa fimbo ndefu. Nyoka aitwaye kifutu hakimbii mtu, analala tu pale pale, na hilo ndilo linalomfanya awe wa hatari. Pia tafuta mawe ya mpaka kabla ya yote na uyasimamishie miti. Kibarua akiling'oa jiwe la mpaka bila kujua, una kesi na jirani ambayo hakuna dawa ya magugu itakayoitibu.

Upande wa lusenke nilitumia dawa ya kuua magugu, na nitasema wazi kwa nini. Ilikuwa nene mno kuchimbwa kwa mkono. Tuliifyeka, tukaiacha ichipue majani mapya mpaka chini kidogo ya goti, kisha tukanyunyiza dawa hiyo, glifosati, asubuhi ya jua isiyo na upepo. Dawa hii inaingia kupitia majani mabichi na kusafiri kwenda chini, kwa hiyo ukiinyunyiza kwenye mabua makavu au mara tu baada ya kufyeka, umemwaga pesa. Mvua ikinyesha saa chache baadaye, pia umemwaga pesa. Maji yawe safi. Maji ya tope yanaiua nguvu dawa, kwa sababu inagandana na udongo. Baada ya hapo usiguse kitu kwa wiki mbili hivi. Majani yatageuka njano taratibu, na ukichimba mapema unaikatia dawa safari yake.

Nunua kwenye duka unaloliamini, chupa ikiwa na muhuri wake, kwa sababu dawa bandia ni tatizo kubwa nchini kwetu. Vaa buti, glavu, na kitu cha kufunika pua na mdomo. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka glifosati kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine, ikiwemo ile ya mazingira ya Marekani, hazikukubaliana nalo. Mimi nina watoto wanaocheza kwenye kiwanja hicho, basi niliitumia mara moja, kwenye kile kipande tu, na kwingine kote tukachimba.

Usikubali mtu akuuzie dawa nyingine ya magugu, 2,4-D, akikuambia itamaliza kila kitu. Hiyo inaua magugu ya majani mapana na kuacha jamii ya nyasi, na lumbugu ni nyasi. Isitoshe, upepo ukiipeperusha mpaka kwenye nyanya au maharage ya jirani, utayaona majani yake yakijikunja, na Hajati wako atakuita tena kwenye ua.

Kuchimba tulifanya Desemba na Januari kwa jembe la meno. Jembe la kawaida linakata, jembe la meno linainua. Unalikita, unalilaza nyuma, bonge linafunguka, kisha unainama na kuokota mizizi kwa mkono. Ni kazi ya polepole na vibarua hawaipendi. Nilijifunza kulipa kwa siku badala ya kulipa kwa kipande, maana anayelipwa kwa kipande anafukia lumbugu ili amalize. Kila jioni nilipita nyuma yao na kikapu. Mizizi tuliianika juu ya mabati mpaka ikakauka na kuvunjika mkononi, ndipo tukaichoma. Usiitupe mbichi kwenye shimo la mboji, utairudisha kiwanjani mwenyewe pamoja na mbolea.

Sasa sehemu ambayo wengi wanairuka. Mwishoni mwa Februari tulisawazisha ardhi kwa reki, tukaiacha wazi, bila nyasi. Watu waliniuliza kwa nini ninachezea ardhi nzuri namna hiyo. Mvua za kwanza zikaja na kila kilichobaki kikaamka: vipande vya lumbugu, ndago, na mbegu za sere kwa maelfu. Hivyo ndivyo nilivyotaka. Lumbugu na ndago tulizifukua moja moja, na sere tukaiparua juu juu kwa jembe siku ya jua, bila kuchimba chini, kwa sababu ukichimba unazileta juu mbegu nyingine zilizokuwa zimelala. Tukasubiri tena. Awamu ya pili yaliyoota hayakufika robo ya yale ya kwanza. Tukaparua. Katikati ya Aprili tukapanda.

Nyasi zenyewe zichunguze kabla ya kulipa. Gunia la paspalamu lililochimbwa kando ya barabara linaweza kuja na lumbugu ndani yake, na hapo miezi yako mitano imepotea. Nilimwaga kila gunia juu ya turubai, nikachambua shina kwa shina, na magunia mawili nikayarudisha. Tulipanda kwa mistari, shina hadi shina upana wa kiganja kilichokunjuliwa, zikafunika ardhi ndani ya miezi mitatu.

Upande wa ua wa Hajati nimechimba mfereji mwembamba wa kina cha jembe, na sipandi kitu humo. Lumbugu ya kwake ikija inatokeza kwenye mfereji, nyeupe, inaonekana. Kila Jumamosi napita na kisu.