Ukienda Korea kujifunza hanji, ulizia fremu kwanza

Msanii mwenye asili ya Korea anayetafuta mizizi yake kwenye hanji, karatasi ya jadi ya huko, amuulize fundi swali moja kabla ya kulipa ada: unatumia fremu gani ya kuchotea nyuzi majini? Ziko aina mbili. Webal huning'inia kwa kamba moja, tena haina kingo za kuzuia maji. Ssangbal ina kingo. Ilienea enzi za utawala wa Wajapani (1910–1945), na karakana nyingi bado zinaing'ang'ania kwa kuwa hutoa karatasi mbili kwa mchoto mmoja. Si dhambi kuitumia, lakini ujue unajifunza nini.

Kwenye webal unachota kwa mbele na kumwaga nyuma, kisha kushoto na kulia kwa zamu, hadi nyuzi zipishane. Upande mmoja hutoka mnene. Ndiyo maana karatasi mbili hulazwa pamoja, ya pili ikiwa imegeuzwa ili upande mnene ulalie mwembamba, zikakauka kama moja. Ukisahau kugeuza, utaona kasoro ukiinua karatasi kwenye mwanga.

Kabla ya fremu kuna ganda la mti wa dak, jamii ya mforosadi, ambalo ndilo hutoa nyuzi. Matawi ya mwaka mmoja hukatwa majani yakishapukutika, Novemba hadi Februari, hupikwa kwa mvuke, huchunwa, na ganda jeusi la nje hukwanguliwa. Kwa kilo 1 ya ganda jeupe kavu, weka gramu 200 za magadi kwenye lita 15 za maji, uchemshe saa 2 hadi 4. Maji ya majivu ya mabua ya mpunga hutunza nyuzi zaidi, ila yanataka subira. Sufuria ya aluminiamu usiiguse, magadi huila. Ganda limeiva likivutwa kwa upana na kufunguka kama wavu. Lisuuze, lichambue, kisha litwange kwa nyundo ya mti. Blenda hukata nyuzi ndefu, na hizo ndizo hanji yenyewe.

Ute unaochanganywa na maji na nyuzi kwenye pipa hutoka kwenye mizizi ya mmea wa ukoo wa bamia, iliyopondwa, kulowekwa na kuchujwa. Uvutike kama mlenda. Joto huuharibu, ndiyo sababu mafundi hupenda kazi ya baridi kali. Maji yakipita haraka na nyuzi zikifanya mabonge, ongeza ute mpya, usiongeze nyuzi.

Tandika uzi kati ya karatasi na karatasi (jozi iliyolazwa pamoja ni moja) ili zibanduke kesho yake. Zikandamize usiku kucha, uzito ukiongezwa kidogo kidogo. Ukibana kwa pupa, rundo bichi hufumuka pembeni, na kazi ya siku nzima inarudi kwenye pipa.