Paleti ya movu imenishinda, nianzie wapi? Na maswali yenu mengine ya aishado

Safari hii meseji zenu karibu zote ni za aishado, yaani rangi za unga za kupaka juu ya macho, na nyingi ni za hizi paleti (boksi za rangi) za movu, zile zambarau zilizofifia zikachanganywa na kijivu, pinki na kahawia. Basi tuingie kazini.

*Dada mambo. Nimezawadiwa paleti ya rangi 12 zote za movu, ukiziangalia kwenye boksi nzuri hatari. Nikipaka sasa, naonekana kama nimelia usiku kucha, siku nyingine kama kuna mtu kanipiga ngumi. Maisha yangu yote nimepaka wanja tu. Nianzie wapi? – Mgeni wa Brashi*

Poa mpenzi. Kwanza hizo rangi 12 hazijawekwa pale ili uzimalize zote kwenye uso mmoja, na ukiniuliza mimi hapo ndo wengi mnapoharibu, mtu anaona dhambi kuacha rangi bila kuigusa. Chagua tatu tu. Moja iwe mati, yaani isiyong'aa, inayokaribia rangi ya ngozi yako ila imezidi giza kidogo, mara nyingi ni ile kahawia yenye zambarau kwa mbali. Ya pili ndo movu yenyewe, ya katikati. Ya tatu ni ile nzito kuliko zote, plamu au damu ya mzee. Zinazometameta ziache mpaka mkono uzoee.

Kuhusu kulia: ukitazama mtu aliyelia, kingo za macho yake zinakuwa nyekundu. Sasa movu nyingi zina wekundu ndani yake, ukiipaka ikagusa mpaka kwenye mstari wa kope bila kitu chochote cha giza katikati, anayekutazama anaona jicho lililovimba. Dawa yake ni wanja wa kahawia au mweusi uliobanwa kabisa kwenye mizizi ya kope halafu maskara, wekundu unatengana na weupe wa jicho na mambo yanakaa sawa. Na hiyo ngumi inatokana na rangi nzito kuwekwa nyingi, mapema, na kushushwa mpaka chini ya jicho. Kwa sasa chini ya jicho usiguse kabisa.

Haya, kupaka. Anza na macho kabla ya fondesheni, maana unga utadondoka mashavuni tu hata ufanyeje, na kuufuta kwenye uso mtupu ni rahisi kuliko kuharibu fondesheni iliyokwisha kukaa. Weka praima, ile krimu ya kutanguliza ili rangi ishike, kama huna basi konsila (krimu ya kufunika madoa) kidogo sana, igongegonge na kidole cha pete mpaka usiione, halafu pitisha poda nyepesi juu yake. Hiyo poda msiiruke jamani, aishado ikikutana na kitu kibichi inang'ang'ania pale pale ilipotua, utasugua mpaka ngozi iume na doa litabaki doa.

Chukua brashi yenye manyoya mengi laini, gusa ile rangi ya kwanza mara moja tu, gonga mpini kwenye kifundo cha mkono, kisha iangalie brashi yenyewe: ukiona unga umejikusanya kwenye ncha bado ni nyingi, gonga tena. Shika mpini huku mwishoni kabisa, mbali na manyoya, ili usiweze kukandamiza hata ukitaka. Mguso wa kwanza ndo unaoacha rangi nyingi kuliko yote, kwa hiyo uanzie kona ya nje, halafu nenda-rudi ndani ya mkunjo wa jicho kama waipa za gari, taratibu, safari fupi fupi. Usipande kwenye nyusi.

Movu yako sasa, hii haisuguliwi, inabandikwa. Brashi bapa au kidole, ukigonga kidogo kidogo juu ya sehemu inayojikunja ukifumbua jicho. Ukiona haijatosha ongeza tena, kuongeza hakujawahi kumshinda mtu, kupunguza ndo kazi. Ile nzito mwisho, kona ya nje peke yake, eneo lisizidi upana wa ncha ya kidole chako kidogo. Kisha rudisha ile brashi ya kwanza bila kuichovya popote, ipitishe pale rangi zinapokutana mpaka ushindwe kusema hii imeishia wapi na ile imeanzia wapi.

Halafu nenda dirishani na kioo. Taa ya bafuni inadanganya, mwanga wa mchana hauna urafiki na mtu. Nyoosha mkono, kiweke kioo mbali, tazama macho yote mawili yakiwa wazi, kwa sababu hakuna atakayekutazama kwa umbali wa sentimita tano huku umefumba jicho moja.

*Mimi ni mweusi haswa. Movu zote nikipaka napauka, kama nimejipaka majivu. Rafiki zangu wananiambia hii rangi si ya watu weusi, niachane nayo. Ni kweli? – Cheusi Mangara*

Si kweli, na hao marafiki waambie wanunue paleti bora kabla ya kuhukumu ngozi ya mtu. Movu nyepesi nyingi zimetengenezwa kwa rangi kidogo na weupe mwingi, kuna talki, na kuna taitaniamu daioksaidi ambayo ndo ile nyeupe inayowekwa hata kwenye rangi za ukutani, kwa hiyo juu ya ngozi nyeusi kinachoonekana ni ule weupe, zambarau yenyewe imemezwa. Jaribu hivi: pitisha kidole kwenye rangi, pakaza nyuma ya kiganja. Ukiona utando wa chokaa na ngozi yako inachungulia chini yake kijivu, hiyo rangi haitakufaa hata upake tabaka kumi, wala tatizo si mkono wako.

Kwako wewe paleti isome kuanzia mwisho kuja mwanzo. Plamu na damu ya mzee, ambazo mwenzio mweupe anaziweka pembeni kwa woga, kwako ndo movu ya kila siku. Kahawia iliyoiva ipite kwenye mkunjo kwanza, hiyo ndo itaiunganisha zambarau na ngozi yako isionekane imebandikwa tu. Na usitandike konsila nyeupe chini yake! Tumia ya rangi ya ngozi yako au hata iliyozidi giza, au chora penseli ya kahawia, isugue na kidole mpaka iwe moshi, kisha gonga movu juu yake kabla haijakauka. Hapa navunja sheria ya poda niliyompa mwenzio hapo juu, ndiyo, kwa sababu wewe unataka rangi ing'ang'anie, ila basi iwe ya kugonga tu usiiburute. Zile zinazometa pia zitakupenda sana, maika iliyomo, yale madini ya kumetameta, inarudisha mwanga na kwenye ngozi nyeusi huo mwanga unaonekana kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Ile nyepesi kabisa usiitupe, nukta moja kona ya ndani ya jicho inatosha.

*Dada, jicho langu nikilifumba mekapu ni tamu, nikilifumbua rangi yote inapotea inaingia ndani. Nimejaribu kuongeza ndo kwanza inachafuka.*

Una macho ya kufunikwa, ngozi ya juu inashuka inaufunika mkunjo. Kuongeza rangi hakusaidii maana unaiongeza kwenye sehemu isiyoonekana. Paka ukiwa umefumbua, tazama kioo moja kwa moja bila kuinua kidevu (wengi tunainua bila kujua, na hapo jicho linakuwa jicho jingine), halafu ile rangi ya mkunjo iweke juu ya mkunjo wako halisi, pale unapoiona ukiwa unatazama kawaida. Ukifumba itaonekana imepanda sana. Iache hivyo hivyo. Poda kwako ni lazima, kwa sababu ngozi hizo mbili zinagusana siku nzima na chochote kibichi kitajigonga muhuri upande wa pili.

*Nina miaka 58, mwanangu ana hizi paleti na ananilazimisha nipake kwenye harusi. Zile za kung'aa zinanionyesha mikunjo mpaka naogopa. Niache tu?*

Shikamoo mama. Usiache, mwache mwanao ndo apunguze mbwembwe. Vipande vya kumetameta vikishaingia kwenye mistari vinaiwashia taa, hiyo ni kwa kila ngozi iliyolegea kidogo, hata ya kijana ambaye hajalala. Kaa kwenye mati laini au zile zenye mng'ao wa satini tu, praima iwe nyembamba mno, na umwambie asiivute ngozi kwa nguvu wakati anakupaka, ashikilie kidogo pembeni basi, maana ikivutwa ikaachiwa rangi inabaki imejikunja. Kama roho yako inapenda kung'aa, kidogo katikati ya jicho kwa ncha ya kidole, usifike kwenye mkunjo. Movu ya kijivujivu na wanja wa kahawia uliosuguliwa, mama utapendeza na hakuna atakayejua umepaka nini.

*Mimi na mdogo wangu tunatumia paleti moja na brashi moja, na mimi navaa lenzi. Juzi jicho limewasha. Kuna uhusiano?*

Sababu ya hilo jicho mimi siwezi kuisema kutoka huku nilipo, ila macho mekundu yale ya kuambukizana yanahama kwa njia hizi hizi, brashi, taulo, maskara. Kila mtu awe na brashi zake, na maskara haishirikiwi hata na pacha. Jicho likiwa jekundu, linatoa tongo au linauma kwenye mwanga, acha mekapu, vua lenzi, nenda kwa daktari wa macho, na vile ulivyopakia siku hizo tupa, najua inauma. Kwa siku za kawaida lenzi zinavaliwa kabla ya kupaka kitu chochote, mikono ikiwa safi, na usiku zinatoka kabla hujaanza kufuta mekapu. Aishado zinazopukutika sana ziepuke. Na glita za kazi za mikono, zile za kubandika kwenye kadi, hazina ruhusa ya kusogea karibu na jicho la mtu yeyote, zina kingo kali na zinaweza kukwaruza kioo cha jicho.

Brashi zioshe kila wiki kwa sabuni laini, uzilaze zikauke vichwa vikiwa vimeinama kidogo. Ukizisimamisha maji yanashuka kwenye gundi na manyoya yanaanza kung'oka.

*Nyuma ya paleti yangu wameandika carmine na rafiki yangu anasema hao ni wadudu. Anataniwa au ananitania?*

Yupo sahihi kabisa. Ni wekundu unaotolewa kwa wadudu wadogo wanaoitwa kochinili, wanaishi kwenye dungusi kakati, ule mmea wa miiba, wanakaushwa na kusagwa. Kwenye pakiti utaikuta pia kwa namba, CI 75470. Kwenye ngozi za wengi haina shida ingawa wapo wanaopata mzio, na kama hutumii vitu vya wanyama basi tafuta paleti isiyo na hiyo namba, zipo. Yenyewe movu kama rangi ya dukani ina kisa chake: mwaka 1856 kijana wa miaka 18 huko London, William Henry Perkin, alikuwa anahangaika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akaishia na uchafu wa zambarau kwenye chupa uliokataa kutoka kwenye kitambaa. Dawa hakuipata, hela ya rangi akaipata.

*Movu yangu asubuhi ni movu, mchana ni kahawia chafu. Kwa nini?*

Zambarau na njano ni mahasimu, ukizikutanisha zinauana zinazaa tope. Sasa konsila nyingi zina umanjano, na mafuta ya ngozi yakipanda mchana yanaikoroga yote pamoja. Poda juu ya konsila, na acha kusugua mapema: mkono ukizidi kwenda-rudi unakuwa umeshachanganya kila kitu kabla hujatoka nyumbani. Na kila rangi na brashi yake, au walau ifute kwenye taulo kavu kabla ya kuhamia nyingine.

*Rangi moja kwenye paleti imekuwa ngumu kama kioo, brashi inateleza tu. Imeexpaya?*

Si lazima. Mara nyingi ni mafuta ya ngozi, ya vidole au yanayokuja na brashi, yameweka utando juu. Bandika selotepu, bonyeza kidogo, ivute, unga mpya utatokea chini yake. Kuhusu kuexpaya tafuta kichoro cha kopo lililofunguliwa nyuma ya boksi, ukikuta 12M maana yake miezi 12 toka ulipoifungua, 24M miezi 24. Ikibadilika harufu kabla ya hapo, tupa.