Misaada ya Uingereza: mmeuliza, najibu

Nilipogusia misaada ya Uingereza maswali yalimiminika, nimechukua matano, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Hiyo 0.7 inayotajwa kila siku ni asilimia 0.7 ya nini?

Ya pato la taifa, sio ya bajeti ya serikali, wengi wanachanganya hapo. Yaani katika kila pauni 100 nchi inayoingiza, peni 70 ziende kwenye misaada. Ni lengo la UN la tangu 1970, Uingereza wakalifikia 2013 na 2015 wakalitungia sheria kabisa. 2021 wakashuka mpaka 0.5 wakisema korona imewakausha, halafu Februari 2025 waziri mkuu Keir Starmer akatangaza watashuka tena hadi 0.3 ifikapo 2027, hela iende jeshini. Waziri wake wa maendeleo, Anneliese Dodds, akajiuzulu.

Sasa si wanavunja sheria?

Hapana, na hapa ndo pazuri. Sheria ya 2015 ina mlango wa nyuma: serikali ikikosa lengo inachotakiwa ni kwenda bungeni kueleza kwa nini imekosa. Basi. Huwezi kuipeleka mahakamani kwa hilo.

Nimesikia hela nyingine hata haitoki Uingereza, ni kweli au maneno ya mtandaoni?

Kweli kabisa. Kanuni za OECD, umoja wa nchi tajiri, zinaruhusu nchi ihesabu kama msaada gharama za kumtunza mkimbizi miezi 12 ya kwanza tangu afike. Kwa hiyo mtu anaomba hifadhi, analazwa hotelini hukohuko Uingereza, bili ya chumba inaandikwa "msaada wa maendeleo". Mwaka 2023 ilifika pauni bilioni 4.3, zaidi ya robo ya misaada yote! Na kapu ni moja, wizara ya mambo ya ndani inachota kwanza, ya mambo ya nje inayohudumia nchi maskini inakula kilichobaki, ndo maana 2022 kuna miezi walisimamisha matumizi yote yasiyo ya lazima huko nje mpaka hazina ikawaongezea bilioni 2.5 za miaka miwili. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko 0.7 au 0.5, maana asilimia inaweza kubaki ileile huku mradi wako umekauka.

Je, wanatupa msaada ili tununue vitu vyao?

Zamani ilikuwa waziwazi. Kisa maarufu ni bwawa la umeme la Pergau, Malaysia: pauni milioni 234 za msaada, huku pembeni kuna dili la silaha, na maofisa wao wenyewe walishaandika kwamba bwawa halilipi. Shirika moja la kiraia likaenda mahakamani, na Novemba 1994 majaji wakasema msaada ule haukuwa halali. Baada ya hapo wakaanzisha DFID, wizara kamili ya maendeleo, 1997, masharti ya kununua kwao yakaondolewa 2001, na sheria ya 2002 ikasema lengo liwe kupunguza umaskini. Mikataba minono bado inaangukia sana kampuni za kwao lakini, tusidanganyane. DFID yenyewe Boris Johnson, akiwa waziri mkuu, aliiunganisha na mambo ya nje 2020, akidai misaada imeonekana kama ATM kubwa angani.

Nani anawakagua?

Bunge lina kamati yake, na 2011 waliunda tume huru, ICAI, ikapewa kazi ya kupima miradi kwa rangi kama taa za barabarani. Kituko ni kalenda. Bajeti ya serikali inaanza Aprili ila lengo la misaada linahesabiwa Januari hadi Desemba, kwa hiyo mwaka ukikaribia kuisha wanapiga hesabu, wakikuta pengo wanaandikia Benki ya Dunia hati ya ahadi ya malipo, inahesabika siku ileile ilipokabidhiwa hata kama pesa yenyewe itachukuliwa miaka ijayo.